Kitanda cha kokoto juu ya jiwe

Nyumba yetu iko mlimani, Mabatini, jijini Mwanza, na nyuma ya jiko kuna jiwe. Ni jiwe moja tu, bapa kama sakafu, limeshika karibu ua mzima. Baba alipojenga hapa aliliacha kwa kuwa hakuna nyundo ambayo ingelimaliza. Miaka yote tumeanikia juu yake dagaa, nguo na michembe. Udongo wa ua huu, ukiukusanya wote, hauzidi karai tatu, na mvua kubwa ikipiga nusu yake huteremka kwa jirani wa chini.

Hapo ndipo ulipoanzia moyo wa kulima bila udongo. Nilitaka mboga za watoto, chainizi na mgagani, pasipo kushuka sokoni kila jioni na kupanda tena mlima na mzigo mkononi. Fundi akanijengea kuta fupi za tofali juu ya jiwe, akatandaza nailoni nene nyeusi ndani yake, tukapata kitanda cha mita 2.4 kwa 1.2, kina chake sentimita 25. Pembeni, mahali jiwe linapoinama, tukaweka tenki la lita 500.

Mfumo wenyewe nauita wa kujaa na kupwa. Maneno hayo ni ya watu wa pwani, maana ziwa letu, Viktoria, halina maji kujaa na maji kupwa ya kuonekana kwa macho. Anayeyataka hayo aende Tanga au Bagamoyo. Lakini kitanda changu kinajaa na kupwa mara kadhaa kwa siku. Pampu ndogo iliyozama ndani ya tenki inasukuma maji yenye virutubisho hadi kitandani, yanapanda taratibu kutoka chini, na yakibakiza vidole viwili kufika juu yanakuta mdomo wa bomba la kumwagia ziada na kurudi tenkini. Taima, saa inayowasha na kuzima umeme yenyewe, ikizima pampu, maji yote yanashuka kwa njia ile ile yaliyopandia. Yakipanda, yanafukuza hewa iliyochoka kati ya mizizi. Yakishuka, yanavuta hewa mpya nyuma yake. Mzizi unakunywa, kisha unavuta pumzi. Ukielewa hilo, umeelewa kazi nzima.

Kilichobaki ni swali ambalo kila anayekuja kuona ananiuliza kabla hajamaliza kusalimia: ndani ya kitanda unaweka nini? Wenye kazi hii huita midia. Mimi naita tandiko, kwa sababu mizizi inalalia humo. Nimebadilisha tandiko mara mbili, na kila mara nilipoteza mboga kabla ya kuelewa. Niliyoyaelewa ndiyo haya, na naanza na lile ambalo ningeshukuru sana kuambiwa mapema: kabla ya kuulizia tandiko zuri, jiulize kwako umeme ukikatika hukaa saa ngapi.

Niliuweka mkazo mahali pengine kabisa. Nilisoma kwamba vumbi la makumbi ya nazi linashika maji vizuri na mizizi inalipenda, nikaagiza mabonge makavu kutoka Dar es Salaam. Huku kwetu minazi ya kuzalisha makumbi hatuna, kwa hiyo kila bonge lilikuja na nauli yake. Bonge likilowekwa linaumuka mara kadhaa ya lilivyokuja, na linanukia vizuri. Nikalijaza kitandani, nikapanda chainizi, nikapanga taima ifurishe mara nne kwa siku kama nilivyoona kwa watu wengine.

Wiki ya tatu majani yakaanza kunyong'onyea saa nne asubuhi, na tandiko limelowa chapachapa. Nikafikiri ni kiu, nikaongeza mara ya tano. Nilipong'oa mche mmoja mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza, inanuka uozo. Mmea ulikuwa unazama. Makumbi yanashika maji kiasi kwamba kabla hayajamwaga ya asubuhi yanaletewa ya mchana, na ile pumzi niliyoieleza hapo juu haiingii. Tandiko la namna ile linatosheka na kufurishwa mara moja kwa siku, pengine mara mbili jua likiwa kali. Kosa lilikuwa langu na taima, wala si la makumbi. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia watu wakilaani tandiko fulani na kulisifu jingine kana kwamba linafanya kazi peke yake. Tandiko na taima ni mume na mke. Huwezi kumhukumu mmoja bila kumsikiliza mwenzake.

Kuna jambo jingine kuhusu makumbi. Yakitoka kwa watu wanaoyaloweka kwenye maji ya bahari, yanakuja na chumvi, tena yana tabia ya kunyakua kalsiamu iliyomo kwenye maji yako na kuachia sodiamu. Yaoshe sana, kisha yaloweke kwenye maji yenye mbolea ya kalsiamu naitreti kabla ya kupanda. Maji ya ziwani ni laini mno, madini yake ni machache, kwa hiyo hayatakusaidia kuziba pengo hilo.

Nikayatoa. Nikashuka kwa akina mama wanaopasua kokoto.

Aliyekaa Mwanza anawajua. Mawe makubwa ya mlimani hupashwa moto hadi yapasuke, yakibomoka yanagongwa vipande, na vipande vinashushwa pale wanapokaa, chini ya turubai au mwavuli uliochanika. Mkono wa kushoto una pete ya mpira wa tairi inayozuia kipande kisiruke, wa kulia una nyundo. Wanagonga kuanzia asubuhi hadi jua likizama. Nikamwendea mmoja niliyemzoea kwa kupita njia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unataka za zege au za kumwaga uani?"

"Za kupandia mboga."

Aliacha kugonga. Akaniangalia, akaliangalia fungu lake, akasema, "Hizi nimezitoa kwenye jiwe. Hazina chakula." Sijapata kusikia mtu akieleza sifa ya kwanza ya tandiko la kilimo cha maji kwa maneno machache hivyo. Ndiyo, hazina chakula, na ndicho ninachotaka. Chakula chote kiko kwenye maji na mimi ndiye ninayekipima. Tandiko linatakiwa likae kimya, lisiongeze kitu na lisipunguze.

Mawe yetu ni matale, yaani granaiti, na tale ni jiwe kimya kweli kweli. Lidondoshee siki au maji ya limao, halitoi povu. Mawe yenye chokaa hutoa povu, na hayo yakiwa kitandani yanapandisha pH ya maji (kipimo cha uchachu: ikipanda, uchachu umepungua) kila siku mpaka chuma na fosforasi vinakuwa vimo lakini mmea hauvipati. Majani machanga yanageuka njano huku mishipa ikibaki kijani. Mboga nyingi zinataka pH kati ya 5.5 na 6.5. Maji laini kama yetu hayana nguvu ya kuzuia yumbo hilo, chokaa kidogo tu kinayapeleka juu haraka. Kama siki haikutoshi, loweka ndoo ya kokoto siku mbili, pima pH kabla na baada. Dakika tano za kazi hiyo zinaokoa msimu.

Nalitaja hili kwa uzito kwa sababu ya mchanga wa ziwani. Uko pale, mtu anachota, na wengi wanaukimbilia. Usiuchukue. Una vipande vya makombe ya konokono, na kombe ni chokaa tupu. Nilijaribu kwenye beseni moja, nikashusha pH asubuhi, jioni imepanda tena. Mchanga pia ni laini mno kwa mfumo huu, unabaki na maji katikati ya punje na kuziba bomba la kutolea. Halafu sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa. Na juu ya yote, ukisimama kwenye maji ya kina kifupi kuchota, unasimama nyumbani kwa konokono wa kichocho. Hapa Mwanza karibu kila ukoo una mtu aliyewahi kukojoa au kuharisha damu. Mboga hazistahili bei hiyo.

Nikachukua kokoto za nusu inchi. Ndoo kwa ndoo, vijana wawili wakapandisha mlima siku nzima. Hapa niwape hesabu, maana mtu mmoja wa Nyegezi alitaka kuniiga akaweka kitanda chake juu ya meza ya mbao, na meza ikalala chini kabla pampu haijawashwa. Kitanda changu kina ujazo wa mita za ujazo 0.72 kikijazwa hadi juu. Mita moja ya ujazo ya kokoto ina uzito wa takriban tani moja na nusu. Kwa hiyo kitanda kidogo kama kile, kikavu, kinabeba zaidi ya tani moja. Jiwe langu halikulalamika. Lakini wewe mwenye meza, au mwenye paa la zege ambalo hukulijenga mwenyewe, tafuta tandiko jepesi au punguza kina.

Hesabu ya pili ni ya maji. Chukua kopo la lita moja, lijaze kokoto hadi mdomoni, kisha mimina maji kwa kipimo mpaka yafike juu. Kopo langu lilipokea mililita 420. Hizo ndizo nafasi zilizopo kati ya kokoto, kama asilimia 40 hivi. Kumbe nikifurisha kitanda hadi sentimita 22, nahitaji lita 250 na ushei kila mara. Tenki la lita 200 lingekauka na pampu kuungua kabla maji hayajafika kwenye mizizi. Mafundi wengi huchagua tenki kwanza, tandiko baadaye. Lifanyike kinyume chake.

Sasa pindua kopo lile polepole, zuia kokoto kwa mkono, acha maji yachuruzike dakika kumi, na upime yaliyorudi. Yangu yalirudi 390. Mililita 30 tu ndizo zilizobaki, utando mwembamba kwenye uso wa kila kipande. Nilizipima, nikaziandika kwenye daftari, na sikuzielewa. Nilizielewa mwezi uliofuata.

Kwanza mambo yalikuwa mazuri mno. Mizizi ilitoka myeupe kama uzi wa kushonea, taima ikifurisha kila baada ya saa mbili kuanzia alfajiri hadi magharibi. Chainizi ilitanda. Nilikuwa naamka na kwenda kuitazama kabla ya kunawa uso. Halafu siku moja ya Jumanne umeme ukakatika saa tano asubuhi, mimi nikiwa kazini. Niliporudi saa kumi na moja jioni, kitanda kizima kilikuwa kimelala. Sisemi kunyauka kwa kawaida, kule kunakoinuka jua likishuka. Majani yalikuwa yamekauka kama karatasi. Mililita 30 kwa kila lita, jua la mchana, jiwe lenye joto chini na kokoto zenye joto juu: niliyahesabu kwa kuchelewa. Kokoto zinapumua vizuri kuliko tandiko lolote nililowahi kugusa, lakini haziweki akiba. Ni kama mtu anayekula kila anachopata siku hiyo hiyo.

Katika vita kuu ya pili, jeshi la Marekani lililima mboga kwa namna hii hii kwenye kisiwa cha Ascension, katikati ya Atlantiki, penye mawe ya volkano na udongo kiduchu. Vitanda vya changarawe, maji yanapanda, yanashuka, mwaka 1945. Nilipoisoma habari hiyo nilijiona nina ndugu mbali. Ila jeshi lilikuwa na watu wa kuwasha pampu. Mimi nina taima inayokufa umeme ukienda.

Kwa hiyo tandiko, kwa sisi tunaoishi na umeme wa kuja na kwenda, ni tenki la pili. Ndilo linalomnywesha mmea wakati pampu haipo. Nilitafuta kitu kinachopumua kama kokoto na kuweka akiba kama makumbi.

Wazungu wana vigololi vya udongo uliochomwa kwenye tanuru kwa joto la kama nyuzi 1,200 hadi ukaumuka na kujaa matundu. LECA, ndilo jina lake. Rafiki alinipa mfuko mdogo. Ni kitu kizuri, chepesi, kisafi, hakiumizi mikono. Lakini kwa pesa ya mifuko ya kutosha kitanda changu ningelipia ada ya mtoto muhula mzima, na baada ya kukitazama sana kwenye kiganja nikajikuta nasema: hiki ni tofali.

Misungwi, Usagara, ukishuka barabara kuu, matanuru ya matofali ya kuchoma yapo kushoto na kulia. Kwenye kila tanuru kuna vipande vilivyovunjika ambavyo havina mnunuzi. Nikaomba magunia sita. Mama wa kokoto akakubali kunipasulia, akishangaa kazi ilivyo laini kwa aliyezoea matale. Nikapima kwenye kopo lile lile baada ya kuloweka usiku kucha: lita moja ya vipande vya tofali ilibaki na mililita 180. Mara sita ya kokoto. Na katikati ya kipande na kipande hewa inapita kama kawaida, kwa sababu maji yako ndani ya tofali lenyewe.

Lakini tofali lina masharti, na hapa sitaki upite haraka. Chukua lililoiva. Ligonge na mwenzake. Lililoiva linalia kama kengele, bichi linatoa mlio wa kibuyu. Bichi ukilitia majini usiku mmoja asubuhi unakuta tope, na tope hilo likiingia kwenye pampu umekwisha. Usitumie matofali ya ukuta uliobomolewa hata ukipewa bure, kwa kuwa yameshikamana na saruji na chokaa, na tumeshasema chokaa inafanya nini. Pasua yawe na ukubwa kati ya punje ya hindi na dole gumba. Chekecha kwa chekeche ya waya ya mafundi, vumbi lote litoke, kisha osha. Ukidhani umeosha, osha tena. Mimi niliosha mara tano ndipo maji yakatoka meupe.

Nilipanga hivi: kokoto za matale chini, sentimita kumi, ili maji yashuke haraka na bomba lisizibe, juu yake tofali, sentimita kumi na tano. Vidole viwili vya juu kabisa maji hayavifikii, vinabaki vikavu, na kwa sababu hiyo ukungu wa kijani haupati mahali pa kuota. Juu ya tofali huwa unatokea weupe wa chumvi. Ni virutubisho vilivyopandishwa na tofali na kuachwa na jua. Kila baada ya majuma mawili namwagia maji matupu kutoka juu na kuubadilisha mchanganyiko wa tenkini. Tofali linaweka akiba ya maji, linaweka na ya chumvi pia. Ni kasoro yake, na naichukua.

Watu wa mashine za mpunga wataniuliza kuhusu pumba. Nimezijaribu. Mbichi zinaelea, maji yakipanda zinapanda nazo na kwenda kuziba mdomo wa bomba. Zikichomwa zikawa mkaa mweusi ni nzuri kwa kukuzia miche kwenye vikombe, mradi uziloweke na kuziosha kwanza, maana majivu yake yanapandisha pH. Maranda ya mbao na magugu maji makavu yanaoza, na yakioza yanamnyang'anya mmea naitrojeni. Basi.

Sasa nafurisha mara nne, badala ya mara saba. Mwezi uliopita umeme ulikatika kabla ya jua kuchomoza ukarudi usiku. Siku hiyo nilikuwa nyumbani, na nilikaa na kitanda kama mtu anayekaa na mgonjwa. Saa sita nikachimba kwa kidole, tofali lina ubaridi na unyevu. Saa tisa majani ya chini yalilegea kidogo. Jua liliposhuka nyuma ya Capri Point yakasimama tena, na pampu ilikuwa haijagusa maji tangu jana yake.

Mama wa kokoto alikuja siku ya pili kuchukua mboga zake, maana hivyo ndivyo tunavyolipana siku hizi, pamoja na miwani ya kukinga macho niliyomnunulia, ambayo anaivaa akigonga matale na kuivua akigonga tofali. Nilimweleza habari ya umeme. Akauliza, "Kwani bila pampu maji hayapandi?"

Yanapanda. Unachukua diaba, unatoboa chini, unaunganisha mpira na ndoo yenye kitako kilichotobolewa pia. Ndoo ukiiinua juu ya jiwe, maji yanaingia kwenye diaba kutoka chini. Ukiishusha, yanarudi. Kwa kokoto tupu ungeinua ndoo mchana kutwa, lakini kwa tofali inatosha asubuhi, saa sita na jioni. Tulimtengenezea Jumamosi hiyo hiyo, akajaza tofali aliyoipasua mwenyewe, tukapanda mgagani. Diaba liko chini ya turubai lake, pembeni ya fungu la kokoto. Nikipita kwenda kazini namkuta ameinua ndoo juu ya jiwe, amekaa, anasubiri maji yapande.